Ukuta Juu ya Mfongo

Nilipojenga nyumba mtaani Soweto, chini ya mlima, nyuma ya kiwanja ulipita mfongo, mfereji wa zamani uliochimbwa na wazee kuteremsha maji kutoka mlimani. Ulikuwa mkavu miaka yote. Fundi aliniuliza mara mbili kama tuuache. Nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyepata hati juzi: umekufa huo, jenga. Tukapandisha ukuta juu yake, nikamwaga zege uani kote, hata pa kupanda mchicha sikubakiza.

Masika haya mvua ilianza alfajiri, na huko mteremkoni juu yetu siku hizi ni mabati na zege mpaka kule kulikokuwa na migomba. Maji yakashuka kwa njia yao ya zamani, yakakuta ukuta wangu, yakageukia kwa jirani, mama mjane, nesi mstaafu. Mimi nilisimama dirishani, mkavu. Nilimwona akipandisha godoro mezani, kisha akaacha, meza nayo ilishaanza kuelea. Kabla ya saa saba mchana chumba chake cha kulala kilikuwa kimeanguka.

Nilishikwa na aibu hadi chakula kikanishinda. Kwetu Machame, ukimkosea mtu pakubwa unampelekea jani la sale, na akishaletewa hawezi kukunyima msamaha. Nikapanda kwa mama yangu kulichuma, maana kwangu hakioti kitu. Nakiri, wakati wa kuteremka nilianza kujisikia mwepesi.

Nilimkuta sebuleni, chumba pekee kilichobaki, anakwangua tope sakafuni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Nikampa jani kwa mikono miwili. Alifuta tope viganjani, akalipokea.

“Nimekusamehe, baba,” akasema. “Huo ukuta unaubomoa lini?”

Nyuma ya ukuta ule ndipo wanapolala wanangu. Nikiubomoa, maji yanapita kwao. Nikababaika, nikasema nitakwenda kuwaona watu wa mipango miji. Hakubishana. Akaniambia wingu limefunga tena mlimani, akaomba nimsaidie kuinua kitanda.

Tukakiweka juu ya matofali, matatu kila mguu. Akauliza kama yatatosha. Nikamwambia yatatosha, na sikuweza kumtazama usoni.