Huruma ya Mwenyekiti

Katika chama cha wavuvi wa starehe, hakuna aliyejigamba kwa huruma kumshinda mwenyekiti. Yeye havui ili ale: humnasa samaki, humpiga picha, humbusu, kisha humrudisha bwawani. Mwaka huu jua limewaka hadi maji yamekuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto, na samaki wanahema juujuu. Wanachama wakaomba uvuvi usimamishwe.

"Kanuni inasema tunafunga uvuvi wakati wa masika tu," mwenyekiti akafoka, "na kanuni niliitunga mimi!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumapili mkewe alimsindikiza, akaona samaki wote aliowarudisha wakielea matumbo juu.

"Baba watoto, hawa si wamekufa?"

Mwenyekiti akafuta midomo. "Wamefia kwao. Mikononi mwangu walitoka wazima."