Mwonja Chumvi

Kadi ya kliniki ya mwanangu wa mwisho ilikuwa na mstari niliokuwa nikiogopa kuutazama. Miezi miwili muuguzi alitia nukta, akaiunganisha na ile ya nyuma, na mstari ukalala badala ya kupanda. Mara ya tatu, wiki moja kabla ya Ramadhani, ukainama. Alikuwa na miaka minne na ushee.

"Mwalimu, huyu anakula?" aliniuliza muuguzi. Ananijua, nimemsomeshea mwanawe.

"Anakula. Sinia linarudi jeupe kila siku."

"Sinia linarudi jeupe," alisema polepole, huku akimkagua macho na viganja. Hakumkuta na homa, na dawa ya minyoo alikuwa keshapewa. Akaniambia nimrudishe baada ya Sikukuu, na kama mstari haukupanda ataniandikia barua ya hospitali. "Lakini, mwalimu, hebu siku moja mtazame mdomo wake. Sinia liache."

Nilirudi nyumbani Tibirinzi nimembeba, ingawa miguu anayo na anatembea vizuri. Nilitaka kumpima kwa mkono wangu mwenyewe. Mkoba wangu wa madaftari ulikuwa ukinilemea kuliko yeye.

Mchana huo nilifanya nilivyoambiwa. Kwetu watoto hula sinia moja. Napakua wali, namwagia mchuzi, namega samaki na kumwekea kila mmoja kipande chake mbele yake, halafu nakwenda zangu, maana daima kuna kitu kinaningoja: nguo kambani, madaftari, mama mkwe anayetaka maji ya kutawadhia. Siku ile nilikaa. Kaka zake, wa miaka kumi na miwili na wa miaka kumi, walikula vile wanavyokula wavulana waliotoka kucheza mpira. Yeye alitia matonge matatu mdomoni. Kisha kwa kidole kimoja, taratibu, akakisukuma kipande chake cha samaki mpaka upande wa kaka yake, akalamba vidole kama mtu aliyemaliza. Kaka akakila bila kuinua uso.

"Mbona humalizi?"

"Nshashiba."

"Na samaki wako?"

"Kaka anampenda."

Sinia likarudi jeupe. Miezi yote ile nilikuwa nikiliosha na moyo wangu umetulia, najiona mama niliyelisha.

Kesho yake nikampakulia kwenye sahani yake peke yake. Wengi hushauri hivyo, na mimi mwenyewe nimewashauri wazazi shuleni. Alilia mpaka akakohoa. "Mie siumwi," alisema, kwa sababu katika nyumba yetu anayetengewa sahani ni mgonjwa. Nikamrudisha kwenye sinia. Nilikuwa nimechoka, na kulia kwake kulinichosha zaidi.

Kisha Ramadhani ikaingia.

Nitasema ukweli, maana pengine kuna mama mwingine anayefanya kosa hilihili bila kujijua. Mwezi ule nyumba nzima ilifunga, hata yule wa miaka kumi aliyeomba mwenyewe ajaribu. Mtoto wangu mdogo akabaki mlaji wa mchana peke yake. Asubuhi nilimwachia kwa bibi yake chai na mkate. Nikirudi kutoka shule nampa wali wa daku, umepoa, umekakamaa, na mchuzi uliogandia pembeni. Ni chakula halali na safi, lakini nani angekifurahia, peke yake, kwenye nyumba ambayo jiko halijawashwa na hakuna hata mmoja anayetafuna? Jua likishazama anawekwa kwenye sinia la futari pamoja na kaka wawili wenye njaa ya kutwa. Nilikuwa nikijua anapungua, na bado nilikuwa nikimlisha mabaki mchana na kumpeleka vitani magharibi. Sikuliona hilo. Nilikuwa nikifika jikoni baada ya alasiri miguu inawaka moto, nikitamani kitu kimoja tu, kumaliza.

Naye alikuwa akinifuata jikoni. Nilimkalisha kwenye kibao mbali na moto, nikampa fungu la mchicha achambue, ili mikono yake iwe na shughuli nami nikune nazi kwa amani. Alichambua jani mojamoja, akaligeuza, akalitazama mgongo. Fungu ninalolimaliza kwa dakika tano lilichukua mpaka nazi imekunwa na tui limekamuliwa. Kumpa mtoto kazi jikoni hakukupunguzii kazi, tusidanganyane.

Siku ya nne au ya tano nilipika muhogo wa nazi na samaki. Ikafika wakati wa chumvi. Aliyefunga anaruhusiwa kugusisha ulimi kidogo na kutema, lakini mama mkwe wangu hapendi, na mimi nimezoea kwake. Kwetu huitwa mtoto asiyefunga aonje. Mwaka uliopita mwonjaji alikuwa yule kaka wa pili. Mwaka huu naye kafunga. Akabaki huyu.

Nikachota kwa upawa, nikapuliza, nikamwekea kipande cha muhogo na rojo lake kiganjani.

"Chumvi imefika?"

Alitafuna kwa uzito wa kadhi. "Chapwa."

Nikaongeza chumvi, nikakoroga, nikamwekea kingine.

"Chapwa bado."

Nikaongeza. Mara ya nne alifikiri sana, akasema, "Karibu." Mara ya sita akasema sasa imekolea. Nikamshukuru, nikapakua.

Wanaume wa mtaani kwetu hufuturu nje barazani, kila nyumba ikitoa sinia lake. Mume wangu alirudi ndani baada ya sala amebeba mtungi mtupu.

"Leo majirani wamemaliza maji yote," alisema. "Mmoja kaniuliza kama mke wangu kanuna, chumvi yote ile."

Mama mkwe alikuwa ameshika kipande cha muhogo mkononi, hakili wala hakiweki. "Mwanangu," aliniuliza kwa upole, "muhogo huu umechimbwa au umevuliwa?"

Wavulana walicheka mpaka wakapaliwa. Mimi nilimtazama mwonjaji wangu. Alikuwa ameegemea ukuta, tumbo limemtoka mbele, hata sinia hakulisogelea. Hapo ndipo nilipohesabu. Vipande sita, vikubwa, na rojo lake, na samaki ndani ya viwili. Kila aliposema chapwa alikuwa akipata kingine. Ulimi wake ulikuwa mzima. Alikuwa na njaa, na alikuwa amepata mahali pa kula: karibu na chungu, chakula cha moto, mama yake amekaa naye uso kwa uso akingoja aseme neno.

Siku iliyofuata nilitia chumvi kwa kipimo changu cha siku zote, kisha nikamkabidhi kibakuli chake cha kuonjea. Mama mkwe akatuona.

"Unamfunza kudokoa," alisema. "Mtoto wa kike anayekula chunguni, kesho watu watasemaje?"

"Hadokoi, mama. Anaonja."

"Kibakuli kizima?"

"Ana ulimi mzito wa kuonja."

Alinitazama, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akishindilia ndizi mbivu ya nazi mashavuni. "Basi mwaka kesho kazi hiyo niandikie mimi," alisema, akaenda kutawadha.

Tuliendelea hivyo mwezi mzima. Mchicha alikwishaumudu, nikampa kunde za kupepeta, kisha kuosha mchele, nusu ukaenda na maji, kuku wakafaidi. Kila kitu alichokigusa alitaka kukionja kikishaiva. Futari zilichelewa, nami nilifuturu nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, sina nguvu ya kusogea mkekani.

Sikukuu ikapita. Siku ya kwanza ya kupika mchana nilichota mchuzi, nikaonja mwenyewe, bila kufikiri, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nyuma yangu alikuwa amesimama na kibakuli chake. Hakulia. Alikiweka juu ya kibao, akatoka. Mchana ule, kwenye sinia, alikula matonge matatu.

Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya siku ya kliniki. Kuanzia kesho yake nikaacha kuonja. Nilimwambia mwanangu kwamba mama yake mdomo umeharibika, hawezi kujua chumvi. Alinikubalia mara moja, kwa huruma kabisa, akachukua kibakuli.

Muuguzi alitia nukta, akaiunganisha. Ilikuwa juu ya ile ya nyuma, si kwa mengi, kama unene wa kucha. "Barua tuiache kwanza," alisema. "Mlete tena mwezi ujao." Nilikaa kwenye benchi la nje kidogo kabla ya kuondoka, nikaifungua kadi na kuutazama ule mstari.

Tangu hapo sijaonja chakula changu mwenyewe kabla hakijapakuliwa. Leo nimerudi shule kichwa kinaniuma, nimebandika mchuzi wa samaki changu, yeye yuko kwenye kibao chake. Amemaliza kibakuli cha kwanza. Chumvi najua imetosha, mkono wangu unaijua.

"Vipi?" namuuliza.

"Chapwa."

Naingiza vidole kwenye kopo la chumvi, navitoa vitupu, navipukuta juu ya sufuria. Nakoroga. Namwekea tena.