Pesa ya Mizani Mfukoni Mwangu

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa mke wangu Rayya ameshawasimulia nusu ya watu wa Maskati, bora na mimi niseme kwa mdomo wangu, maana yeye huniongezea ujinga (na ujinga wenyewe ulikuwa unatosha).

Binti yetu alikuwa anatimiza mwaka, na huku kwetu mtoto akitimiza mwaka hufanyiwa hol hol, yaani anakalishwa chini, anamiminiwa kichwani peremende, bisi na sarafu, na watoto wenzake wanazigombania. Wiki nzima kabla ya shughuli sinia la sarafu lilikaa ukumbini kwetu Mabela, kila anayepita anatia chochote. Asubuhi moja, natoka kwenda kazini, nikachota kiganja kizima cha sarafu, nikijiambia jioni nitazirudisha. Sikuzirudisha.

Nilipofika Ruwi nikanywa chai, nikatoa noti, nikarudishiwa chenji, nikaitia mfuko uleule. Ofisini nikamwaga zote mezani, nikakuta moja nyeusi tititi, kubwa kuliko sarafu yetu ya baisa kumi, na maandishi yake hayasomeki. Nikasema hii kanipa muuza chai.

Sasa mimi nikishikwa na hamu ya kujua jambo, hata chakula hakipiti. Nikaijaribu kwa sumaku, haikunata, na baisa zangu zote za rangi ya shaba zimenata. Nikaisugua kwa ndimu na chumvi (wajuzi wa sarafu msinipige, nilikuja kuambiwa baadaye kuwa ni kosa kubwa), ikatoka nyekundu inang'aa, na upande mmoja pakatokea mizani, kabisa, sahani mbili zinaning'inia, na upande wa pili Kiarabu na mwaka, 1299 wa Hijria. Pesa ya Zanzibar, ya zama za babu zake babu! Ilinunua nini, halwa au nazi? Ilivukaje bahari mpaka ikaangukia kwenye chenji ya chai ya Ruwi? Siku mbili nilikuwa naichungulia kwa lenzi, kazi haifanyiki, nikaapa kutomwambia mtu mpaka siku ya hol hol, niwashangaze wakwe.

Siku hizohizo, nyumbani kukawa hakukaliki. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, kapotelewa na pesa yake nyeusi, ukumbusho wa marehemu mama yake, na lawama zimemwangukia Grace, dada wa kazi kutoka Uganda, kwa sababu yeye ndiye anayefuta vumbi kila mahali.

"Mama, mimi sijachukua kitu. Fungua hata begi yangu."

Begi likafunguliwa, hakikuonekana kitu, lakini Bi Zuwena alikuwa ameshapiga simu maktab, ile ofisi iliyomleta Grace, kawaambia ni mwizi, shughuli ikisha waje wamchukue. Na Grace ana mtoto anayesoma kwao kwa mshahara huo. Nilimhurumia kwa kweli. Nikapiga magoti nikatafuta chini ya makochi yote, huku mfukoni nina pesa ya mizani, kwa sababu mimi natafuta nyeusi na yangu ni nyekundu. Sikuuliza hata ilipotea kutoka wapi!

Ikafika siku yenyewe, baada ya alasiri, ukumbi umejaa wageni. Kabla hawajaanza kummiminia mtoto nikasimama katikati, nikaomba watu wanyamaze, nikatoa pesa yangu na hotuba juu, sumaku, mizani, mwaka, yote. Ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Bi Zuwena, akaigeuza, akapitisha ukucha ukingoni.

"Hii umeitoa wapi, baba?"

"Kwenye chenji, Mama. Ruwi."

"Ruwi! Pengo hili kalitia kaka yangu kwa tupa, nnalijua. Nimeitia kwenye sinia kwa mkono wangu huu, kama nnavyoitia kwa kila mjukuu, halafu hol hol ikisha nnaichukua tena."

Nikakumbuka kile kiganja. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Grace, aliyekuwa mlangoni na trei ya juisi. Akaiweka chini.

"Baba, piga simu maktab. Sasa hivi. Weka sauti kubwa, wote wasikie."

Nikamtazama mama mkwe aniokoe. Akasema, "Piga."

Nikapiga. Karani akapokea kwa Kiarabu, na pale hakuna asiyekijua.

"Nyumba ya Mabela? Kwani mwizi kapatikana?"

"Kapatikana."

"Si yule mfanyakazi?"

"Siye. Ni mimi."

Akauliza kwa adabu zote, "Basi tuje tukuchukue wewe?"

Walicheka mpaka bisi zikamwagika kabla ya wakati. Grace hakucheka. Bi Zuwena akamwendea, akamshika mikono mbele ya watu wote, akamwambia, "Nisamehe mwanangu, nimekudhulumu." Grace akasema sawa, Mama, akaokota trei yake akaendelea kugawa juisi, akampa kila mtu, mimi akaniruka. Wiki nzima hakunisemesha, na nilistahili.

Hamu haijanitoka, sarafu ngeni bado nazichungulia. Ila siku hizi, kabla sijauliza ni ya mwaka gani, nasimama ukumbini nikapiga ukelele nyumba nzima isikie: jamani, hii ya nani?