Sauti ya Fundi wa Mitungi

Fundi wa mitungi ya kuzamia pale ufukweni Galu husema kwa sauti ya chini, asije akakosa kusikia hewa inayovuja. Kila pete ya mpira ya kuzibia mtungi huipitisha kwanza kwenye mdomo wake wa chini, maana vidole vyake vimeota sugu na havihisi ufa. Asubuhi ya mtihani wa uzamiaji wa mwanawe Ikram, mtungi wa Ikram ulivuja.

"Mama, boti itaniacha."

"Nyamaza kidogo, mwanangu, niusikie."

Alifungua pini ya leso, anamotunga pete za akiba. Mbili alizikataa. Ya tatu aliitia, akaimwagia maji. Hakikutoka hata kiputo.

Ikram alipoibuka amefaulu, fundi alikuwa amesimama baharini, maji magotini, akipiga vigelegele hadi wapishi wa hoteli ya jirani wakatoka jikoni kutazama.