Shali Iliyooshwa Mara Kumi na Moja

Wifi yangu Mwanaima alikuwa mtu wa kushika jambo moja na kulifanya mpaka sisi wengine tuchoke. Akifagia uwanja wake, alifagia mpaka kwangu, kisha akaniuliza kwa nini ninapenda kukaa kwenye taka. Nasema haya kwa mapenzi. Mimi ni dada wa mumewe, Alfani, na nyumba zetu pale Milalani, karibu na Msambweni, zilitengwa na ua wa makuti tu. Hakuna alilolifanya ambalo sikulitia mdomo. Huo ndio uwifi, na asiyeutaka aolewe na mwanamume asiye na dada.

Mwaka wa hamsini na tatu mkunga mmoja kutoka Rabai, Bi Kadzo, alianza kuwafundisha kina mama kufuma sufi kila Jumatano alasiri. Tulikwenda wengi, na wengi tulifuata chai. Mwanaima yeye alitoka pale na ugonjwa. Alimwomba fundi baiskeli njiti mbili za gurudumu, akazisugua ncha kwenye jiwe mpaka zikateleza vizuri, na tangu siku hiyo mikono yake haikutulia. Alifuma soksi katika joto la Februari. Alimfumia Alfani sweta, naye maskini akaivaa Ijumaa kwenda msikitini, akarudi amelowa chapachapa na huku anasema imempendeza.

Kitu kimoja tu alikuja kuogopa kukifuma, nguo ya mtoto. Binti yake Esha, aliyeolewa Funzi, alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakufika arobaini. Kila mara Mwanaima alikuwa ameshafuma kofia na fulana ndogo, na kila mara alizikunja akazificha. Mimba ya tatu ilipoingia, aliapa hatagusa sindano mpaka asikie mtoto analia. Kwetu si ajabu, wengi hawaandai kitu kabla ya mtoto kushuka, lakini kwa Mwanaima ilikuwa adhabu. Sufi nyeupe ilinunuliwa Mombasa ikakaa juu ya kabati miezi mitano, naye akipita anaitazama kama mfungaji anavyotazama sambusa saa kumi na moja jioni.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Mei, mwaka wa hamsini na saba, nyumbani kwa Mwanaima, kwani Esha alikuja kujifungulia kwa mamake. Alikuwa wa kike, na alilia kwa nguvu. Kabla Bi Kadzo hajamaliza kumfuta, Mwanaima alikuwa ameshatia mishono ya kwanza. Alikuwa na siku arobaini za kufuma shali moja, nyeupe tupu, ya kumtolea mtoto nje mbele ya wakwe.

"Wifi," aliniambia siku moja bila kuinua macho, "shali hii ikiisha, mtoto ataishi."

Nikamwambia aache kukufuru, uhai uko kwa Mungu. Alikuwa anaogopa. Mimi pia nilikuwa naogopa, ila sikuwa na sindano za kushika.

Sasa niwaeleze habari za Watasema. Watasema alikuwa mbwa, hajatimiza hata mwaka, aliyeletwa na Tsuma, rafiki ya Alfani, Mduruma mfuga mbuzi wa upande wa Kinango. Nguruwe mwitu walikuwa wanatumalizia muhogo, na mbwa wa kulinda shamba anaruhusiwa na dini. Alfani aliuliza kwanza, kisha akampa jina hilo kwa kuwa alijua majirani hawatanyamaza. Na kweli tulisema, mimi nikiwa wa mbele. Kazi ya Watasema ilikuwa kukaa shambani. Kumbe nguruwe aliwaogopa yeye, akiwasikia tu huyo, mbio nyumbani. Huku nyumbani alifukuza kuku, akavuta leso kwenye kamba, akatafuna kiatu cha kushoto cha Alfani. Baada ya siku nne akarudi kumalizia cha kulia. Lakini kilichomtoa roho hasa kilikuwa kile kidonge cha sufi. Kikibingirika barazani, kichwa chake kilikwenda nacho huku na huku. Mwanaima alimrushia kokoto, naye akazirudisha kwa mdomo, akidhani ndio mchezo.

Siku ya thelathini na tatu shali ilikuwa imebaki pindo tu. Mtoto alilia ndani, Mwanaima akakurupuka, akaiacha juu ya mkeka. Mimi nilikuwa kwangu namenya muhogo. Nikaona kitu cheupe kinapita nyuma ya ua, nikadhani ni kuku. Kisha nikamwona wifi yangu anapita nyuma yake na mwiko mkononi, leso inamwanguka, na hapo nikajua si kuku. Walizunguka mnazi mara tatu. Mwishowe Watasema akajitupa chini, akaikalia shali, ncha moja mdomoni, mate yanamtiririka na mkia unapiga mchanga kwa furaha.

Haikuchanika hata mshono mmoja, lakini hilo halikutusaidia kitu. Mate ya mbwa ni najisi, tena najisi nzito, na shali ile ilikuwa ya kumfunga mtoto atakayesomewa dua. Sufi nyingine haikuwepo, na siku zilibaki saba. Mwanaima hakulia. Alisimama na mwiko wake, akaitazama ile shali. Nilitamani alie.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Maalim Suleiman, aliyesomesha watoto Kurani chuoni.

"Shikamoo, maalim," akaanza Mwanaima.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Akamweleza. Maalim akafikiri, kisha akauliza, "Mdomo wake ulikuwa mkavu au umelowa?"

"Maalim, ulikuwa kisima."

"Basi ioshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa maji yenye udongo safi. Ikishatoharika, imetoharika. Usijitie wasiwasi."

"Nikitia udongo mara zote saba?"

"Mara moja inatosha."

"Lakini nikitia zote, si vibaya?"

Maalim akanitazama mimi, kana kwamba kosa ni langu. "Mara moja inatosha," akarudia, nasi tukaaga.

Mwanaima alichota udongo mwekundu, akaupepeta kama unga, akautia katika ndoo zote. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu. Sisi ni watu wa pamba. Leso ikichafuka tunaipiga sabuni, tunaisugua, tunaibwaga juu ya jiwe mpaka ilie, nayo inatoka safi. Ndivyo alivyoifanya sufi. Kwa kuwa mvua ilikuwa haikatiki na alitaka ikauke haraka, alitumia maji ya moto. Tulipofika ya nne, yeye akasema ni ya tano. Nikamwambia, "Wifi, mimi ndiye mwenye hesabu." Akasema hesabu yangu haiaminiki tangu siku nilipomwambia nina miaka thelathini. Tukagombana, shaka ikaingia, ikabidi tuanze upya. Kwa jumla mtu mzima alioga jasho, na shali ikaoshwa mara kumi na moja.

Kisha akaikung'uta. Ilikuwa imekuwa nene, ngumu, rangi ya chai ya maziwa, na imepungua karibu nusu. Tukaivuta, yeye upande huu, mimi upande ule. Haikuongezeka. Bi Kadzo alipokuja kumtazama mzazi, aliishika, akauficha mdomo wake nyuma ya shali, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama Esha," akasema alipopata pumzi, "sufi huoshwa kwa maji baridi, na haipigwi."

"Ungetuambia mapema," akajibu Mwanaima kwa ukali.

"Nilisema. Mlikuwa mnakunywa chai."

Siku saba zile Mwanaima alimalizia pindo kwa nyuzi alizozifumua kwenye soksi za Alfani, lakini hakugombana na mtu. Najua alichokuwa anafikiri. Alikuwa amejiwekea ahadi moja na ahadi yenyewe imeharibika, na kila mara mtoto alipopiga chafya, alishtuka akaacha mishono. Nilijaribu kumtania, akanijibu kwa adabu. Wifi yako akianza kukujibu kwa adabu, mambo yamekwisha.

Arobaini ikafika. Wakwe walikuja kutoka Funzi mapema, wamevaa vizuri, wamebeba samaki. Mwanaima alikuwa ametoa leso mpya akaikunja kitandani, na shali ameisukuma chini ya mto. Esha akaiona.

"Hii ndiyo ya mwanangu?"

"Iache. Imeharibika. Mfunge leso."

"Nataka hii, mama."

Akamfunga. Ilimzunguka vizuri kifuani, joto zuri, lakini chini ikaishia magotini. Wakatoka nje, udi unafuka, Maalim Suleiman akasoma dua, sote tukaitikia amin. Ndipo mama mkwe wa Esha alipomchukua mjukuu, akamgeuza, akakunja uso.

"Mbona shali imefupika hivi? Miguu yote iko nje."

Mwanaima akainamisha kichwa. Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa nimsingizie mbwa, lakini Esha akanitangulia.

"Amekua, mama," akasema. "Ana siku arobaini. Amekua."

Mtoto akapiga teke, miguu miwili kwa pamoja, minene, yenye mikunjo. Mwanaima akanyoosha mkono akaukamata mmoja, akaubana kiganjani, na hapo akalia. Alilia kwa sauti mbele ya wakwe, kilio cha wajukuu wote watatu, na mama mkwe wa Esha akamshika bega akalia naye.

Kisha akajipangusa kwa pembe ya leso, akamtafuta mumewe kwa macho katikati ya watu.

"Alfani," akasema, "kesho uvuke uende Mombasa, uniletee sufi. Iwe nyingi. Nataka nianze sweta ya mtoto wa miaka miwili."