Kisiagi Kilichokuwa Kwenye Njia ya Mabasi

Siku hiyo niliogopa tangu asubuhi, kabla ya jiwe la kwanza kurushwa.

Ofisini tulikuwa tumeonyeshwa njia tatu ambazo mabasi ya kasi yangeweza kufuata kutoka Mamboleo hadi katikati ya mji. Mbili zilifuata barabara iliyopo. Ya tatu ilikata ndani ya mtaa wa Manyatta ili kukwepa msongamano, na ndiyo waliyoipenda wakubwa. Mimi si mpimaji. Mimi ndiye ninayetumwa kuongea na watu. Nabisha hodi, nauliza nani anaishi hapa, anafanya kazi gani, na kama ingebidi kuhama angehamia wapi. Hilo swali la mwisho hunikausha mate. Hakuna anayelijibu. Wote huniuliza tu, "Kwani mimi naenda?"

Nilikuwa na soroveya, mwanamume wa makamo, mtu wa maneno machache. Alisimamisha kifaa chake cha miguu mitatu kwenye uchochoro, akapigilia kigingi chenye kichwa chekundu. Watu wakaanza kusimama kututazama. Kwanza wanawake waliokuwa wakianika nguo, halafu waendesha boda boda wa steji ya jirani. Walikuja na pikipiki zao, wakazizima moja baada ya nyingine.

"Nani amewatuma?" mmoja akauliza.

"Tunapima tu," nikasema. "Hakuna kitu kimeamuliwa."

"Ukipima suti, si unataka kuishona?"

Wengine wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mtu wa nyuma akapaza sauti kwamba tumeuza Manyatta, kwamba tingatinga ziko njiani. Nikaanza kueleza, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Jiwe likagonga kifaa cha soroveya, kikaanguka. La pili lilipita karibu na sikio langu hata nikasikia upepo wake.

Mkono ukanishika kwa nyuma. "Ingieni! Ingieni haraka!"

Alikuwa mama mzee, leso kiunoni, nyusi nyeupe kwa unga. Alituvuta ndani ya kisiagi chake, chumba cha mabati anamosagia watu mahindi, akafunga mlango na kupitisha komeo la chuma. Akazima mashine. Afadhali angeiacha ingurume, kwa maana sasa tulisikia kila kitu: mawe juu ya paa, viatu vikizunguka ukuta, mtu akisema tumwagiwe petroli. Soroveya alikaa juu ya gunia, mikono katikati ya magoti. Nilijaribu kumpigia mama yangu kule Asembo Bay, sijui nilitaka kumwambia nini, kisha nikairudisha simu mfukoni.

"Tulia, nyathina, mwanangu," yule mama akaniambia. "Nawajua hao. Nimewasagia unga tangu wakiwa watoto."

Nyuma kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo. Nilichungulia nikitafuta pa kutokea, nikaona ua uliofagiliwa vizuri na kaburi la saruji lenye msalaba.

"Huyo ni mzee wangu," akasema. "Ndugu zake walitaka akazikwe kwa baba zake. Yeye alikataa kabla hajafa. Alisema hapa ndipo dala yake, nyumbani kwake."

Asubuhi ile nilikuwa nimeiangalia njia ya tatu kwenye ramani kwa makini. Nilikijua kile kisiagi kama kisanduku kidogo cha kijivu, na mstari ulipita katikati yake na kutokea uani.

Akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani, "Sasa hii barabara yenu inapita wapi hasa?"

Soroveya aliinua macho, akatikisa kichwa kidogo. Nilimwelewa. Nje kulikuwa na umati, na kati yetu na umati hakuna kitu ila komeo na moyo wa huyu mama. Lakini alikuwa akinitazama, na sikuweza kumficha.

"Mama, kuna njia tatu. Moja inapita hapa."

"Hapa kwa mashine?"

"Kwa mashine. Na pale nyuma."

Alipangusa mikono kwenye leso, taratibu, kila kidole. Kisha akaenda mlangoni na kuvuta komeo. Soroveya akaniambia kwa kunong'ona, "Umetuua." Nami niliamini hivyo. Nikashika ukingo wa mashine.

Alisimama mlangoni, mwili wake ukiziba mwanga.

"Nyamazeni! Huyu msichana ameniambia ana kwa ana, barabara inataka kupita juu ya mzee wangu. Mkimpasua kichwa, kesho watatuma mwingine, na huyo hataniambia kitu. Wacheni waende. Lakini warudi na wakubwa wao, waseme hivyo hivyo mbele yetu."

Kukawa na manung'uniko marefu. Mwishowe wale wa boda boda walisogea, wakaacha upenyo. Tulipita katikati yao bila kugusana na mtu. Mmoja aliokota kifaa kilichovunjika, akamkabidhi soroveya.

Wakubwa walikwenda kweli, wakaketi kwenye uwanja wa kanisa wakaulizwa maswali hadi jasho likawatoka. Baada ya miezi kadhaa njia ya tatu ikaachwa. Nilimpigia yule mama simu mimi mwenyewe, nikitarajia kusikia vigelegele.

"Nashukuru Mungu," akasema. "Sasa imeenda kwa nani?"

"Kwa wale wenye vibanda kando ya barabara, upande wa Mamboleo."

"Umewaambia?"

"Bado, Mama. Naenda kesho."

"Nenda mapema. Wasisikie kwa mtu mwingine."

Nilikwenda. Wanawake walikuwa wakifungua vibanda, wakipanga nyanya mafungu mafungu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, jaketi langu la kazi la kung'aa nimelikunja chini ya kwapa. Kisha nikalivaa, ili waone ni nani anayekuja, nikavuka.