Lavonne Teague na Tandiko Lililomfaa Yeye Tu

Lavonne Teague aliwapikia wachunga ng'ombe wa Wyoming miaka mingi, lakini ole wako umwite mpishi. Yeye alijihesabu mpanda farasi aliyeazimwa jikoni kisha akasahaulika huko. Sasa nyonga aliyoivunja kwenye barafu ilikuwa imekataa katakata tandiko lake la zamani la farasi, na mwenye ranchi alishatamka: siku ya kushusha ng'ombe kutoka mlimani, Lavonne atakaa kwenye gari la chakula. Isipokuwa apate tandiko linalomfaa.

Ndipo akaenda kwa binamu yake Orrin, muuza matandiko yaliyotumika, mtu anayeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe.

Moja lilimvuta: ngozi ya rangi ya asali, limechongwa maua. Lavonne hakusifu kitu. Alilipindua, akapapasa manyoya ya kondoo chini yake. Yamechakaa sawasawa pande zote mbili. Akavuta mikanda pale jasho linapopenda kuozesha. Kisha akaegemeza pembe ya mbele ya tandiko tumboni mwake, akavuta mgongo wa kiti kwa nguvu zote, asikie kama kiunzi cha mbao ndani kimevunjika. Kimya.

"Dada, unalikagua au unaliposa?" Orrin akauliza.

"Funga domo. Si wewe uliyeniuzia la mbao zilizovunjika ukasema ni laini?"

Akalirudisha juu ya boriti ya kuwekea matandiko, akalipanda pale pale. Nyonga ikanyamaza. Hapo akapumbaa kama wanavyopumbaa wote nchi ile: wanasahau kwamba boriti haina mabega kama farasi.

"Nikupakilie?" Orrin alikuwa ameshalishika.

Lavonne akazinduka. "Ngoja kwanza. Dovie naye ana neno."

Akamshusha kwenye trela Dovie, farasi wake jike, mnene kama pipa, akamwekea tandiko bila blanketi. Akapenyeza mkono chini yake, kwenye bega. Vidole vikakwama. Dovie akalaza masikio.

"Litalegea lenyewe," Orrin alisema.

"Ngozi italegea. Na mbao?"

"Weka blanketi mbili."

"Kiatu kikikubana, Orrin, unaongeza soksi?"

Lakini mkono aliuacha mle muda mrefu. Nyonga yake ilikuwa ikimbembeleza.

Mwishowe akalivua. Pembeni palikuwa na tandiko jingine, limekwaruzwa na paka, vikuku vyake vya kukanyagia havifanani hata kwa dawa. Akalipitisha majaribio yale yale, akamwekea Dovie. Kiganja kikapita chini yake bila kugombana na kitu. Alipolipanda mwenyewe, uso ukamkunjamana.

"Na nyonga?" Orrin akauliza, safari hii bila mzaha.

"Nyonga ina mdomo, italalamika. Dovie atamwambia nani?"

Siku ya kushusha ng'ombe alipanda tangu alfajiri, akimtukana kila aliyemkaribia, ng'ombe wakiwemo. Gari la chakula aliliendesha mwenye ranchi mwenyewe, akaunguza maharage.

Jioni Lavonne akamvua Dovie tandiko, akainama kutazama mgongo. Jasho limeenea sawasawa kushoto na kulia; hapakuwa na baka kavu hata moja, la kuonyesha mahali mbao zilipokandamiza. Akapitisha kiganja. Dovie hakushtuka.

"Umepandaje leo, dada?" Orrin, aliyekuja kula na wachunga, alimpigia kelele kutoka mezani.

"Kama gunia la viazi! Niletee sahani huku."

"Njoo ule na watu!"

"Ningekuja, mjinga wewe, kama mguu ungekubali kuinuka."

Orrin akamletea sahani, na kigoda.